Chicago Haijashindwa

Kile kiti Noella alikiondoa kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa tabasamu.

Alikuwa amesimama dirishani nyumbani kwa mama yake Terrence, mtaa wa Chatham, kusini mwa Chicago, akimenya viazi vitamu vya chakula cha Jumapili. Theluji ilikuwa imeanguka Ijumaa kutwa na usiku kucha bila kupumzika, na magari yaliyoegeshwa kando ya barabara yalikuwa yamezikwa hadi madirishani. Gari dogo jekundu lilipita, likarudi, likapita tena. Ndani yake mwanamke wa makamo alikuwa akitafuta mahali pa kuegesha, wala hapakuwa na mahali. Nafasi moja tu ilikuwa wazi, imesafishwa mpaka lami inaonekana, na katikati yake kimekaa kiti cha jikoni cha zamani, ngozi yake imepasuka.

Noella alidhani mtu amekitupa. Akatupia begani koti la mama mkwe wake mtarajiwa, akatoka, akakibeba kile kiti hadi kando ya njia, kisha akamwashiria yule mwanamke aingie.

"Una uhakika, dada?" mwanamke akauliza, kwa sauti ya mtu anayepewa zawadi asiyoitarajia.

"Egesha tu, dada yangu. Kiti hicho hakina mwenyewe."

Mwanamke akaegesha haraka, akamshukuru mara tatu, akaondoka kwa hatua za kukimbia, kana kwamba anaogopa Noella atabadili mawazo. Noella akarudi jikoni moyo wake umetulia. Kwao Houston, mtu hukutwa na shida akasaidiwa, basi. Akafurahi kuwa siku yake ya tatu tu katika mji huu wa baridi, tayari ameufundisha ukarimu kidogo.

Noella Prudhomme alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na kazi yake ilikuwa unahodha wa boti ya kuvuta meli katika mfereji wa bandari ya Houston. Mchana kutwa aliyasukuma na kuyavuta majitu ya chuma yenye urefu wa mitaa miwili, na wanaume waliomzidi umri walimwita kapteni. Alikutana na Terrence Oglesby ndani ya lifti, au tuseme mmoja ndani na mwingine nje. Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya kumi na nne na ya kumi na tano katika jengo moja la mjini kwao, na fundi aliyekuja kuinasua alikuwa kijana mrefu, mwenye mwanya, aliyeazimwa kutoka Chicago kwa wiki tatu. Kwa dakika arobaini walizungumza kupitia ufa wa mlango bila kuonana sura. Terrence alianza kwa kumwambia kuwa Chicago, mji uliozaa majengo marefu, lifti hazina tabia za kishenzi namna hiyo. Noella akamjibu kuwa lifti za Houston zina adabu, husimama ili watu wajuliane hali. Mlango ulipofunguka walikuwa wote wawili wanacheka, na Terrence alipomshika mkono kumsaidia kuruka chini, alisahau kuuachia.

Tangu siku ile, miaka miwili sasa, mapenzi yao yalikuwa na utani huo mmoja. Terrence alisema Houston si mji, ni maegesho ya magari yaliyokutana yakajipa jina. Noella alisema Chicago ni friji lenye madirisha mazuri. Terrence akisifu ziwa la kwao, Noella alisifu kamba wa matopeni waliochemshwa kwa pilipili wakamwagwa mezani juu ya magazeti. Hata siku Terrence alipomwomba amuoe, Noella alikubali huku machozi yakimtoka, kisha akauliza wataishi wapi, na hapo ndipo furaha ilipopata kigugumizi. Wakakubaliana kila mji upewe nafasi ya kujieleza. Juni, Terrence alikwenda Houston, joto likamtoa jasho mpaka kwenye kope. Mzee Alcide, babaye Noella, alimpenda, akamwambia wazi kwamba kijana anafaa, ila Chicago yake aje nayo kwenye picha tu.

Sasa ilikuwa zamu ya Noella.

Na Noella alikuwa na siri. Siku iliyotangulia, kupitia dirisha lile lile, alimwona Terrence akichimba theluji. Kabla hajagusa ngazi za kwao, alisafisha ngazi za nyumba tatu za jirani, zote za wajane, akamwaga chumvi ili wasiteleze, wala hakumgongea mtu mlango kumwambia amefanya nini. Noella alimtazama hadi kioo kikajaa ukungu wa pumzi zake. Lakini Terrence aliporudi ndani, pua imekuwa nyekundu, Noella alimwambia tu kwamba kwao mtu haitwi kwenda kuchimba mvua.

Terrence alirejea saa saba mchana na bibi yake, ambaye alikwenda kumchukua kanisani. Noella alisikia honi, mara moja, halafu kimya kirefu. Alipofungua mlango, alimkuta Bibi Ernestine, miaka themanini na sita, kofia ya manyoya, mkongojo mkononi, akipanda ngazi peke yake na theluji imemfika juu ya viatu vya kanisani. Nyuma yake Terrence alikuwa akiondoka na gari kwenda kutafuta mahali pengine.

"Nani ametoa kiti?" bibi akauliza, kabla ya salamu.

Mama Lorraine, mamaye Terrence, alimtazama Noella, akatazama nje, akaelewa. Akaweka mkono mdomoni, na Noella hakujua kama anacheka au anaomboleza. Ndipo alipoelezwa. Chicago, ukiichimba nafasi kwa mikono yako, nafasi ni yako. Unaweka kiti, au ubao wa kupigia pasi, au chochote ulicho nacho, na mji mzima unaheshimu. Haijaandikwa popote, na haihitaji. Terrence alikuwa ameichimba nafasi ile kwa saa mbili, ili bibi yake asitembee kwenye barafu.

Noella alitamani sakafu immeze. Aliomba radhi, akapiga magoti akamvua bibi viatu, akamsugua miguu kwa taulo la moto. Bibi Ernestine alijiachia akasuguliwa, akamtazama kutoka juu bila kupepesa.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa Texas."

"Ndiyo, bibi. Houston."

"Mimi nilitoka Texas nina miaka ishirini. Navasota. Nilipanda treni na kuku wa kukaanga ndani ya kiboksi, na nikaapa sirudi, na mtoto wangu harudi, na mjukuu wangu harudi." Akauvuta mguu wake taratibu. "Asante. Inatosha kusugua."

Terrence aliingia baada ya nusu saa, nyusi zimeganda. Alimsalimu mama yake, akamwomba Noella watoke kwenye baraza ya nyuma. Noella alidhani wataicheka pamoja. Alianza hata na mzaha kwamba mji unaolindwa na viti vya jikoni unatia huruma. Terrence hakucheka.

"Angeanguka, Noella. Ana nyonga ya bandia."

"Nimeomba radhi. Sikujua. Lakini yule mama naye alikuwa na shida, ningefanyaje? Kwetu maji yakipanda, watu hutoa mashua wakabeba kila wanayemkuta. Hawaweki viti."

"Kwenu," Terrence akasema. Alikuwa amechoka, ana baridi, na maneno yakamponyoka. "Kwenu mji unazama kila baada ya miaka michache, halafu mnajisifia mashua. Nani anajivunia kuzama?"

Noella akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango. Mafuriko makubwa ya Agosti, miaka michache iliyopita, yaliingia hadi dirishani katika nyumba aliyoiacha mama yake, mwaka mmoja tu baada ya kumzika. Yalipotoka yalikuwa yameondoka na kila picha, kila kofia ya kwaya, kila daftari lenye mwandiko wake. Terrence alilijua hilo. Alimwona Noella akibadilika uso, akanyoosha mkono, lakini mwenzake alikwishaingia ndani.

Jikoni, Noella alichukua kisu akaendelea na viazi ili asilie mbele ya watu. Aliwaza kurudi kwao kwa ndege ya asubuhi. Mama Lorraine alisogea karibu yake, akawa anakoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa.

"Usimchukie mama yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Ana mdogo wake kule Navasota, anaitwa Earlene. Yeye alibaki. Kila Jumapili saa kumi wanapigiana simu, huu mwaka wa sitini na zaidi, na kila Jumapili wanabishana wapi maisha ni mazuri. Huyu anasema njoo uone. Yule anasema njoo wewe. Ilianza kwa utani, kama ninyi."

"Wameonana lini mara ya mwisho?"

Mama Lorraine aliweka mwiko chini. "Sijawahi kumwona mama mdogo Earlene kwa macho yangu, binti yangu. Na mimi nina miaka sitini na moja."

Walikaa mezani watano, pamoja na mjomba Clifton, kaka yake Mama Lorraine, mtu wa tumbo kubwa na sauti ya redio. Palikuwa na paja la nguruwe la kuokwa, mboga za majani zilizopikwa na nyama ya moshi, makaroni ya jibini, viazi vitamu, na keki ya karameli iliyokuwa ikingoja pembeni. Noella alikula kidogo. Terrence alikaa mkabala naye, akimtafuta macho kila mara, naye akiyakwepa.

Mjomba Clifton hakujua kuwa hewa imechafuka. Alikwishasikia habari ya kiti, ikamfurahisha kupita kiasi. Akamwuliza mgeni kama ni kweli Houston watu hufunga maofisi theluji ikianguka ya kujaza kijiko. Akauliza kama wana barabara za miguu au watoto huzaliwa na magurudumu. Meza ilicheka, hata Noella alijilazimisha. Kisha mjomba akajimwagia mchuzi na kusema ana swali moja la mwisho: je, nyumba za kule huuzwa na makasia yake, au kasia unanunua mwenyewe?

Kabla mtu hajacheka, Terrence alikuwa ameweka uma chini.

"Mjomba, hilo hapana."

"Natania, mwanangu. Si wewe ulinifundisha huo utani?"

"Ni mimi. Na leo nimeusema kwa ubaya, na aliyestahili kuusikia vibaya ni mimi." Akamgeukia bibi yake. "Bibi, acha nikwambie habari ya huyu unayemwita wa Texas. Mwenyewe hajaniambia. Niliambiwa na baba yake, Juni, tukiwa tunageuza nyama kwenye moshi. Maji yalipopanda, bandari ikafungwa, boti kubwa zikafungwa. Yeye akachukua mashua ya baba yake ya kuvulia samaki, futi kumi na nne, akaingia nayo mitaani. Siku tatu. Alitoa watu arobaini na mmoja kutoka kwenye mapaa na madirisha, na mzee mmoja aliyekataa kupanda bila kuku wake, akawapakia na kuku. Na siku hizo zote, nyumba ya mama yake ilikuwa inazama mtaa wa pili. Alipita mbele yake mara sita. Hakusimama, kwa sababu ndani hamkuwa na mtu."

Noella hakujua kuwa baba yake alizihesabu zile mara sita.

"Ule mji una joto la kuua," Terrence akaendelea, "na hauna mpango, na ukitaka kununua mkate lazima uwashe gari. Lakini nilitembea na huyu mtaani kwao, na kila mlango uliofunguka, mtu alitoka kumshika mkono. Mimi nimeishi hapa miaka thelathini na sita, nadhani najua watu wanavyopenda mji wao. Sijawahi kuona mji ukimpenda mtu namna ile." Sasa alimtazama Noella, naye hakukwepa. "Lifti zipo kila mahali. Mfereji wake upo mmoja. Mimi ndiye nitakayehama."

Mama Lorraine akainamia sahani yake. Mjomba Clifton akasafisha koo, akamwomba mgeni radhi kwa sauti ambayo haikuwa ya redio.

Bibi Ernestine alikata nyama yake vipande vidogo, vidogo, vidogo zaidi. Kila mtu alimngoja. Ukiacha mgeni, alikuwa amewalea wote waliokuwa pale mezani, na walijua kuwa hakuna ndoa itakayofungwa katika ukoo ule kwa raha kama yeye amegeuza uso. Hatimaye akafuta midomo.

"Navasota ni mbali gani na kwenu?"

"Saa moja na robo kwa gari, bibi," Noella akajibu. "Nikiendesha mimi, saa moja."

"Maji yalifika kule?"

"Mtoni yalifika. Mjini sikusikia kwamba yalifika."

"Mdogo wangu aliniambia hayakufika. Nilidhani ananificha, ili nisipate la kusema." Akaukunja mkono juu ya mkongojo wake, mishipa imemtoka. "Ana miaka themanini na mitatu. Siku hizi anarudia maneno. Jumapili iliyopita aliniita kwa jina la mama yetu."

Noella aliinuka, akazunguka meza, akachuchumaa kando ya kiti chake. Hakumgusa. Alimwambia kuwa harusi inaweza kufanyika Houston mwezi wa Novemba, joto likiwa limekwisha, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda kumpokea uwanja wa ndege. Akasema kesho yake baada ya harusi, kama bibi atakuwa hana kazi nyingine, kuna barabara nzuri ya kwenda kaskazini-magharibi.

"Niliapa," bibi akasema.

"Najua, bibi."

"Mbele ya watu."

"Uliapa hurudi kuishi. Sidhani uliapia habari za harusi."

Bibi Ernestine akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa. Kona ya mdomo wake ikacheza.

"Kapteni," akasema. "Ndivyo wanavyokuita kazini?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi nisikilize, kapteni. Ninakuja wiki moja. Na Earlene aambiwe mapema kabisa, aelewe vizuri, kwamba mimi sikuja kwake. Nimekuja harusini, nikapita." Akasukuma sahani yake mbele. "Clifton, kata keki. Huyu mtoto hajala kitu tangu aingie nyumba hii."

Saa tisa alasiri Terrence alimchukua Noella kwa gari hadi ufukwe wa ziwa, dakika kumi kutoka nyumbani. Mawingu yalikuwa yamepasuka, na jua likawaka juu ya theluji mpaka macho yakauma. Ziwa lilikuwa limeganda kwa mawimbi yake, yamesimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake njiani. Mbele zaidi barafu ilikwisha, maji yakaanza, ya buluu, yasiyo na ng'ambo. Na upande wa kaskazini, mbali, mji ulisimama wima kutoka majini, minara yote imeshika jua kwa wakati mmoja.

Walisimama bega kwa bega. Terrence alimwomba radhi kwa maneno aliyoyasema barazani, akayataja moja moja bila kuyapunguza makali. Noella alimwambia yamemuuma na yataendelea kumuuma kidogo, kisha akauingiza mkono wake katika mfuko wa koti la Terrence, palipokuwa na joto.

"Kweli utaweza kuacha hivi?" akauliza, macho yake hayatoki kwenye ile minara.

"Siwezi. Lakini nitaondoka."

"Terrence, sitaki mume aliyeshindwa. Nikuone kila siku unakaa dirishani kwangu unahesabu ulichokipoteza."

Terrence akageuka, akamshika kidevu kwa glavu yake nene, akacheka ule mcheko uliowahi kupita katika ufa wa mlango. "Sikiliza, mpenzi. Nimesema nahamia Houston. Kuna mtu alinisikia nikisema ni mji bora?"

Noella alikuwa amefungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari ulimini: kwamba hajapata kuona kitu kizuri kama hiki tangu azaliwe, kwamba jana alimtazama akisafisha ngazi za wale wajane na moyo wake ukamwenda mbio, kwamba anaelewa sasa kwa nini mtu azaliwe hapa akatembea kifua mbele maisha yake yote. Akautazama ule mwanya, ile pua nyekundu, ile fahari isiyokubali kupiga magoti hata inapompa mtu kila kitu. Akafunga mdomo wake.

"Si vibaya," akasema. "Kwa friji."

Naye Terrence akambusu hapo hapo, mbele ya mji wake wote.